Siku Soko Zima Liliponisikia Nikipima Watoto wa Watu

Kuna aibu ambazo mtu huenda nazo kaburini bila jirani kujua, lakini yangu mimi ilisikika na soko zima la Jumamosi, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe kabla hamjasikia ile ya Nzioka wa mitambo, maana Nzioka huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki (kwake yeye nilianguka mara tatu, na Mungu ni shahidi nilianguka mara moja tu).

Hiyo ilikuwa miaka ile magoti yangu bado yalikuwa yananitii. Nilikuwa mwalimu wa michezo hapa Kilungu, na Kioko, kijana wa kwetu aliyekuwa amesomea Australia, alikuwa amerudi nyumbani na digrii moja na gunia la mipira ambayo hakuna mtu alikuwa ameona maishani, mipira mirefu kama papai. Akatufundisha huo mchezo wa huko. Unaupiga mpira teke, unaudaka kwa mikono, unakimbia nao, na mwenzako akitaka kuudaka juu yako anaweza kukupanda mabegani kama mtu anapanda mwembe na refa asiseme kitu. Uwanja wenyewe ni wa mviringo kama yai, na kila upande kuna nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Vijana waliupenda vibaya sana. Kufikia mwaka wa pili tulikuwa na timu nne, Kilungu, Mukuyuni, Kitui mjini na Mwingi, na kila mwaka vijana wapya walipimwa kwanza, halafu makochi wanakaa chini wanachagua mmoja mmoja kwa zamu, timu iliyoshika mkia ikianza, ndiyo isiendelee kushika mkia milele.

Sasa mwaka huo Kioko akaniomba niwe mpimaji mkuu. Mimi! Nilikuwa nimecheza netiboli chuo cha ualimu, na Kioko aliamini kwamba mtu wa netiboli anajua mikono mizuri na mruko mzuri akiuona. Nilijiona, siwadanganyi. Nilinunua kofia, nikachukua raba za mume wangu kwa sababu zilikuwa nyeupe kuliko zangu (nikazijaza magazeti mbele zisinivuke), na nikafanya uamuzi mmoja mdogo ambao ndio ulizaa haya yote: nikaacha miwani yangu ya kusomea nyumbani. Mpimaji mkuu na miwani ya bibi kizee mbele ya makochi wanne? Hapana. Nikajiambia nitasema kwa mdomo, Kioko ataandika.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya kanisa, juu kabisa kwenye mgongo wa kilima, na soko liko chini upande ule mwingine. Asubuhi Nzioka akanibana ka-maiki kadogo kasiko na waya kwenye kola ili niwaeleze vijana utaratibu: kwanza mbio, halafu kuruka ukutani na chaki mkononi, halafu kudaka, na mwisho teke. Pasta akaomba. Spika mbili za uwanjani zikaanza kupiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, Nzioka akazizima, akaenda kutafuta chai. Alichosahau huyo ndugu yetu ni kwamba juu ya paa la kanisa kuna spika ile kubwa ya pembe inayoelekea sokoni, ile ya kutangaza mikutano ya injili, na yenyewe hakuizima. Na mimi nikasahau kwamba kola yangu ina masikio.

Basi tukaanza. Vijana walikuwa wengi, wamevaa jezi za kila rangi, vumbi jekundu limewafika magotini, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na Kioko kando yangu na daftari, nikitoa maoni kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

"Huyu wa pasta, mruko mzuri, lakini amechoka mapema kama mtu aliyesikiliza mahubiri ya babake mpaka mwisho. Andika."

Kioko akacheka, akaandika. Kumbe huko chini, kama nilivyokuja kuambiwa, mama wauza nyanya walikuwa wameacha kupanga nyanya.

"Huyu wa chifu. Akikimbia unaona kabisa kwao hakuna mtu huwa na haraka."

Soko likaangua kicheko, sisi hatukusikia kitu, upepo wa Kilungu ulikuwa unavuma kuelekea kule. Watu wakakalia mifuko ya mahindi kama wanasikiliza redio. Kila mama alikuwa akicheka mtoto wa mwenzake na huku akiomba Mungu nisifike kwa wake.

Wakati vijana wanapumzika nikamuinamia Kioko, na hii nilisema polepole kabisa (haikusaidia). "Hebu nikumbushe. Ikipita katikati ya zile ndefu ni pointi ngapi?"

"Sita, Mwalimu."

"Na kati ya ndefu na fupi?"

"Moja. Si nilikuambia juzi?"

"Usiseme kwa sauti, Kioko, watu watajua. Na hizi raba za Baba Mwende zinaniua, magazeti yamejikunja."

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke ikitoka kwenye kilima cha ng'ambo, mwangwi tu, maneno hayashikiki, inaongea inanyamaza, inaongea inanyamaza. Nikadhani ni mhubiri wa sokoni. Nikamwambia Kioko, "Huyo mama naye hachoki? Tangu asubuhi mdomo wake haujafungwa." Kioko akatingisha kichwa, akasema kweli, wengine wamezidi.

Ndugu zangu, nilikuwa najisengenya mwenyewe.

Tukafika kwa Mutuku. Mutuku alikuwa kijana mwembamba, mpole, mtoto wa pekee wa Syombua, mama anayeuza maparachichi sokoni na ambaye tulikuwa kikundi kimoja cha akina mama kanisani. Mbio alikuwa nazo. Kuruka aliruka. Lakini kudaka! Nilimrushia mpira wa kwanza ukampiga kifuani, wa pili ukampita, wa tatu akaushika halafu ukamponyoka. Jua lilikuwa limepanda, nilikuwa na njaa, na yeye alikuwa wa thelathini na kitu.

"Mutuku wa Syombua," nikamwambia Kioko. "Miguu iko, mikono hakuna. Huyu ukimrushia mpira ni kama umemrushia jogoo, anafumba macho kwanza. Mwandikie sifuri, na usimpeleke kwa teke, tutapoteza wakati bure."

"Mwalimu, si amalize tu kama wengine?"

"Kioko, mimi nikiona mtu nimeona."

Mutuku akaambiwa akae kando. Akakaa, hakuuliza kwa nini, akaanza kufungua kamba za viatu.

Hapo ndipo nikamuona mume wangu. Baba Mwende ni mzee wa kanisa, mtu ambaye hakimbii hata mvua ikimkuta na suti, na alikuwa anatoka upande wa soko mbio, mdomo wazi, mkono mmoja unaonyesha shingo. Hawezi kuongea. Anaonyesha shingo tu. Nikajua mara moja amekwamwa na mfupa. Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikamgeuza, nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote za netiboli.

"Tema! Tema, Baba Mwende! Kila siku nakuambia utafune nyama, wewe unameza kama mamba!"

"Ma... ma..." anasema.

"Usiite mama, tema!"

Nikampiga tena. Akanishika mikono yote miwili, akavuta pumzi, akasema, "Maiki. Maiki iko wazi. Soko lote linakusikia. Tangu pasta amalize kuomba."

Nikatazama kola yangu. Ka-taa kadogo ka kijani ka maiki kalikuwa kananiangalia.

Nilianza kurudi nyuma akilini, neno kwa neno, pasta, chifu, raba, pointi ngapi, na kabla sijafika mwisho wakatokea kwenye kona ya kanisa, akina mama wa soko, kama ishirini hivi, wengine wanacheka mpaka wanashikana, wengine hawacheki. Mbele yao alikuwa Syombua, bado amevaa aproni yake.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mwalimu," akasema, "umesema mtoto wangu hana mikono."

Nikasema, "Mwaitu, ngoja nikueleze," maana kwetu ukiwa na makosa unamwita mwanamke mwenzako mama.

"Mwaka ule niliugua," akasema, "gari halikuweza kupanda kwa sababu ya matope. Huyu alinibeba mpaka barabarani. Kwa mikono hiyo. Hakuniangusha."

Makochi walikuwa wanaangalia viatu vyao. Na mbaya zaidi, Mutuku alikuwa hajui lolote, maana uwanjani hakuna aliyekuwa amesikia, kwa hivyo ile sifuri yangu aliisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mama yake, mbele ya wenzake wote. Uso wake sitausahau.

"Wewe si ndiye fundi wa kudaka?" Syombua akaendelea. "Daka tuone. Mutuku, mpigie mwalimu mpira."

"Mama, wacha. Twende nyumbani."

"Piga!"

Na mimi, kwa kiburi kile kile kilichoniacha bila miwani, badala ya kusema samahani na kuketi, nikasema, "Sawa, piga," nikarudi nyuma hatua kumi na tano hivi, nikafungua mikono kama mlinda lango.

Mutuku akachukua mpira. Akauachilia kutoka mkononi, na mguu ukakutana nao. Nilisikia mlio ambao sikuwa nimeusikia siku hiyo yote, mlio mzito kama mlango umefungwa na upepo. Mpira ukapanda, ukaendelea kupanda, nikaanza kurudi nyuma, nikageuka nikakimbia nao, kofia ikaenda, nikapiga mruko wangu wa chuo na raba moja ikabaki chini na magazeti yakatawanyika hewani kama kuku ananyonyolewa, na nikaanguka (mara moja!) kifudifudi kwenye lile vumbi. Mpira sikuugusa. Ulinipita juu kabisa, na nilipoinua kichwa niliuona ukipita katikati ya zile nguzo mbili ndefu, mbali huko.

Kicheko kilikuwa kimeanza, kikakatika. Kioko aliacha daftari, akaanza kuhesabu hatua kutoka pale Mutuku aliposimama, na watu wakaanza kuhesabu naye. Hakuna kijana mwingine aliyekuwa amefika hata nusu ya umbali huo. Kochi wa Mwingi, timu iliyokuwa imeshika mkia, alifunga kitabu chake akasema, "Wengine hata msisumbuke kunionyesha."

Nikasimama na mguu mmoja una kiatu. Nilimwendea Mutuku kwanza, si mama yake, nikamwambia, "Nimekukosea. Sikukuangalia mpaka mwisho." Akaniangalia, akasema tu, "Ni sawa, Mwalimu," lakini macho yalikuwa kwingine, na nilijua si sawa.

Jioni hiyo makochi walichagua, na jina la kwanza lilikuwa Mutuku wa Syombua. Mngedhani mama yake angefurahi. Alifurahi, lakini Mwingi ni mbali, ni joto, ni kwa watu wa mifugo, na kijana akawa anaenda huko kila wikendi kwa shangazi yake, mwishowe akapata kazi huko huko akabaki. Nilipoenda kumuomba Syombua msamaha sokoni, hiyo ilikuwa Jumatatu, aliniambia, "Kwanza ulimdharau, halafu sasa unaniondolea," akaendelea kupanga maparachichi. Ilichukua karibu mwaka kabla ya kunishika mkono kanisani. Pasta alinisamehe haraka zaidi, ila Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya ulimi, na alihubiri kwa muda mrefu makusudi.

Kioko alishaondoka tena, ligi ikapoa, mipira ikapasuka mmoja mmoja, na pale uwanjani kanisa limejenga ukumbi. Nikipita hapo bado huwa nasimama kidogo. Nakumbuka wale vijana wote na lile vumbi, na akina mama wanaoshangilia mchezo wasiojua sheria zake (kama mimi tu). Hata hiyo siku yangu mbaya naitamani.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyechezea Mukuyuni alinijia nyumbani. Anataka kufufua ligi, ana mipira mitano, anatafuta mpimaji. "Mwalimu, kiti cha mbele ni chako," akaniambia. Nikamwambia nitakuja, nitapika chai, nitashona jezi, hata nyasi nitakata, lakini mtoto wa mtu sipimi tena mpaka Bwana arudi. Nitakaa na akina mama. Syombua ameshasema nikichelewa hataniwekea nafasi.