Tenisi Sebuleni kwa Placidia

Placidia wa Chonyonyo alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mkono wake wa kulia ulijulikana kata nzima. Mgomba ambao wanaume huuangusha kwa mapigo matatu ya panga, yeye aliuangusha kwa moja. Kwaya ya kigango ilimwomba kwa upole aache kupiga ngoma, ahamie kuimba sauti ya pili mwaka ule alipopasua ngoma mbili kati ya Pasaka na Pentekoste. Alipokupa mkono kukusalimia, ulikumbuka salamu hiyo hadi jioni.

Mkono wa mumewe, Methodius, ulikuwa habari nyingine. Mwaka uliopita alianguka na pikipiki kwenye mteremko wa Kiruruma akiwa amebeba gunia la kahawa. Mfupa uliunga, lakini bega likagoma. Mkono haukupanda kupita kifua. Mtaalamu wa viungo alimwagiza asimame ukutani kila asubuhi, atambaze vidole kwenda juu mara thelathini. Alifanya siku mbili.

"Mimi ni mzee mwenye wajukuu," alisema. "Sitambai ukutani kama buibui."

Basi Placidia akawa anamvalisha shati, anamchana nywele, na kumchua bega kwa mafuta kila siku, huku akinung'unika. Moyoni aliogopa. Alikuwa amekwisha kuona wanaume walioketi namna ile kitini, wakaketi moja kwa moja.

Binti yao Benadeta, anayefanya kazi Bukoba, alikuja Jumapili moja na mfuko. Ndani yake mlikuwa na mashine ya gemu aliyoinunua kwa mfanyakazi mwenzake, pamoja na pedi mbili nyeupe za kushika mkononi, ndefu kama hindi la kuchoma. Akaiunganisha na TV. Kwenye kioo wakatokea watu wawili wenye vichwa vikubwa, wameshika raketi.

"Baba, ukirusha mkono, na yule mtu anarusha," alisema Benadeta. "Ni mazoezi, lakini hutajua kama ni mazoezi."

"Nimeshajua," alisema Methodius, akabaki kitini karibu na mlango.

Placidia alikuwa amemaliza kumchua. Akachukua pedi ili amwaibishe mumewe.

"Mama, vaa kwanza hiki kikamba mkononi."

"Mimi ni mbuzi? Miaka arobaini nashika panga, hakuna aliyewahi kunifunga kamba."

Benadeta akamwonyesha kijitabu cha maelekezo. Kilikuwa na picha za hatari: mtu anagonga taa, mtu anampiga mwenzake kidevuni, mtu anajikwaa kwenye meza, na kila mmoja amechorewa alama nyekundu ya kukataza. Placidia akakipindua huku na huku.

"Aliyechora haya ameishi na ukoo gani?" akauliza. "Washa."

Mpira wa kwanza ukaja pole pole, ukampita. Wa pili ukampita. Methodius akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu pikipiki, na kicheko hicho ndicho kilichomtia Placidia moto. Wa tatu ulipokuja, akaurudisha mkono nyuma hadi bega likalia, akapiga kama anayeangusha mgomba.

Mafuta ya kuchua yalikuwa bado yamejaa kiganjani. Pedi ikamchomoka, ikaruka moja kwa moja kuelekea kichwa cha Methodius.

Wakati huohuo Katekista Nestory, aliyekuwa akipita kutoka kanisani, alisukuma mlango. "Tumsifu Yesu..." alisema. "Kristo" hakuifikia. Pedi ilipita juu ya Methodius, ikampata katekista kwenye paji la uso, naye akaketi sakafuni taratibu.

"Mawe! Mama yangu!" Placidia akapiga kelele. Akakimbia na kitambaa chenye maji, lakini alipofika mlangoni akasimama. Methodius alikuwa bado amejikinga. Mkono wake wa kulia, uleule, ulikuwa juu ya kichwa.

"Baba Benadeta! Mkono!"

"Mkono gani?" Methodius akatazama juu, akauona, akashangaa kana kwamba jirani ameuacha pale. Akaushusha, akakunja uso kwa maumivu, akaupandisha tena. Benadeta akaanza kulia. Placidia akamkumbatia mumewe, na kile kitambaa kikamlowesha mgongo.

"Waitu, jamani," ilisema sauti kutoka sakafuni, "na mimi nipo."

Kwenye zahanati, mganga alichukua daftari. "Umepigwa na nini?"

"Tenisi," alisema Nestory.

"Chonyonyo kuna uwanja?"

"Sebuleni kwa Methodius."

"Na mpira uko wapi?"

"Mpira wenyewe haupo. Unaonekana tu kwenye TV."

Mganga akaweka kalamu chini, akachukua tochi, akammulika macho moja baada ya jingine. Kisha akamshona nyuzi tatu.

Placidia hakupata usingizi kwa aibu. Asubuhi alibeba mkungu na jogoo hadi kwa katekista, akapiga magoti. Nestory alimsamehe, akapokea jogoo, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama ile mashine ilikuwa bado inafanya kazi.

Ilikuwa inafanya kazi, ila sasa ilikuwa na sheria. Viti na meza vilitolewa nje. Placidia alichora mstari wa chaki sakafuni, na asiyecheza hakuruhusiwa kuuvuka. Mikono ilioshwa kwa sabuni na kukaushwa. Kikamba kilivaliwa na kila mtu, naye akaongeza chake cha kamba ya mgomba, mafundo mawili. Mgeni alipaswa kupiga hodi akiwa bado kwenye migomba, asubiri kujibiwa. Placidia alipocheza saa nzima bila kupumzika na bega lake mwenyewe likavimba, Benadeta alimgombeza kwa simu, ikaongezwa sheria ya kupumzika kila robo saa. Nestory ndiye aliyeshika saa, na alipokuwa anashindwa robo saa ilifika mapema.

Methodius alicheza kila alasiri, kwanza akilalamika, baadaye akilalamika pale tu umeme ulipokatika. Wiki ya sita alivaa shati peke yake, vifungo vyote. Mwezi Juni kahawa ilipoiva, aliyavuta matawi ya juu kwa mkono uleule na kuyachuma, akisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mtu mgonjwa kama yeye hapaswi kufanyishwa kazi. Placidia, aliyekuwa akichuma kwenye mti wa pili, alimwacha aseme.