Kiini cha Mninga

Abdulatifu bin Nurdini bin Shaban, fundi milango wa Gongoni. Shaban, babu yake, aliingia Tabora na mzigo wa msafara kichwani, akautua, akaapa habebi tena mzigo wa mtu, akashika tezo ya kuchongea mbao. Nurdini akaweka milango nusu ya mtaa. Abdulatifu naye ana miaka hamsini kazini, na hakuna mlango wa ukoo huo uliowahi kulalamikiwa.

Mpaka Jumamosi ile Leonia, mjane wa Goweko, alipoingia karakanani na fundo kwenye pembe ya khanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Za Goweko?"

"Njema. Nimekuletea unga, msonge ugali."

Akafungua fundo. Unga wa mti, laini kama poda, na kipande cha ubao. Fremu aliyotengenezewa na fundi huyu mwaka jana imetobolewa na wadudu bungua juu hadi chini, mlango umeinama kama mlevi.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Abdulatifu: nyumba yako ina unyevu, mama. Watu wangemwamini yeye, si mjane. Akakisogeza kile kipande karibu na uso, akakigeuza na kukigeuza. Ukungu mtupu.

Ukoo wao una fahari yake: fundi hutazama ubao mara moja tu. Kugonga, kunusa, kukwangua, hayo ni ya akina mama wanaonunua vyungu. Na kiini cha jicho lake kimeingia wingu mwaka wa pili sasa, hajamwambia mtu.

Binti yake Kuluthumu, mwalimu wa sayansi shule ya msingi, alikuwa pembeni anasahihisha madaftari. Alikichukua kipande, akakwangua vanishi kwa kucha.

"Baba, huu ni weupe wa mti, ule wa nje chini ya gamba. Si kiini."

"Mninga wangu wote ni kiini!"

"Huu sio, baba."

"Kwani bungua wanapendea nini huo weupe?" Leonia akauliza.

Kuluthumu akamwonyesha mchoro daftarini, duara lenye doa. "Hii ni seli, mama, na hiki ni kiini chake, ndicho kinachoamuru. Atomi nayo ina kiini. Cha yai humlisha kifaranga. Ila kiini cha mti kimekufa zamani, kimebaki kuubeba mti tu. Weupe ndio ulio hai, unapandisha maji, una wanga. Bungua anafuata chakula."

"Kumbe walimu mmetuibia neno sisi maseremala," Abdulatifu akasema.

"Na sisi wakaanga mayai tudai letu," Leonia akajibu. "Lakini fremu yangu je?"

Mzee akaketi juu ya benchi la randa.

"Kosa ni langu, mama. Sioni."

"Tangu lini?"

"Kabla ya fremu yako."

"Na kazi yangu ukaipokea! Mimi nalala nimeegesha mchi mlangoni, fundi."

"Niliipokea. Nitakutengenezea nyingine."

Hakungoja ajibiwe. Akamgeukia binti yake, akampa futi kamba.

"Jumatatu ukitoka shule, nenda ukachague mbao za mama huyu. Wewe, si mimi. Gonga, nusa, kwangua mbele ya wauzaji wote. Wakikucheka, sema baba yako ndiye aliyekutuma. Haya, mama, mtajie vipimo, aandike."