Wagonjwa Ambao Gari Halikuwafikia

Mimi nimezeeka, na mzee ana ruhusa ya kusema bila kuzunguka, basi nasema: gari la baba lilikaribia kumuua mama. Halikumgonga. Lilimbeba tu.

Tulikaa Kisauni, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, bendera nyekundu ya Sultani bado ikipepea kisiwani. Baba alikuwa na duka la nguo, mtu wa heshima zake, kanzu haina hata kunyanzi, na gari lile alilinunua kwa ajili ya mama. Hilo nalitamka wazi nisije nikamdhulumu marehemu. Hakupenda mkewe aonekane akikanyaga mchanga. Katika nyumba kama yetu mwanamke alitoka baada ya isha, na buibui lake na wenziwe, akaenda kwa nduguye au kwenye maulidi, akarudi. Kutembea kwake kulikuwa ni huko tu. Gari lilipokuja, hata huko kukakatika. Mama akawa apakiwa mlangoni, ashushwa mlangoni. Nyumba ya dadake ilikuwa hapo tu, ukipiga chafya kwetu wanakuombea rehema kwao, lakini gari lazima liwashwe! Nasi watoto twajazana nyuma, twaringa, usiseme.

Mama akanenepa. Watu wakasifu: "Mashallah, umependeza, bwana anakutunza!" Kwetu unene wa mke ulikuwa ndio ushahidi wa wema wa mume. Kisha akaanza kuhema akipanda kitandani. Kiu haimwishi, nyayo zamwaka moto, usiku hapati lepe la usingizi. Baba akampeleka kisiwani kwa daktari, nami nimefuatana nao, kwa gari bila shaka. Daktari akasema ni sukari, na presha imepanda. Akampa dawa, akamkataza halua na kashata, kisha akamgeukia baba akasema maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu: "Mama huyu atembee kila siku. Akiendelea kukaa hivi, hamtakuwa naye muda mrefu."

Tulipofika nyumbani baba akasema, "Dawa utakunywa. Halua haitaingia tena nyumba hii. Lakini mke wangu apigwe na jua barabarani, watu waseme duka limenianguka? Hilo sitaki kulisikia."

Mama akaitikia, "Haya, bwana."

Haya, bwana! Nilikasirika mpaka masikio yakanichemka. Mwanamke ameambiwa atakufa, naye aitikia kama aliyeombwa chumvi. Lakini mimi nilikuwa mwari nimeshawekwa ndani, sina kauli mbele ya baba, basi nikaenda kulilia jikoni.

Kumbe sikumjua mama yangu hata kidogo.

Siku chache baadaye, baba anakunywa chai, mama akamwambia kwa upole, "Bwana, yule bibi anayesuka makuti ni mgonjwa. Yafaa nikamtazame."

Sasa, kwetu mgonjwa hutazamwa. Mume aweza kumkatalia mkewe mambo mengi, lakini akimkatalia kumtazama mgonjwa, ataweka wapi uso wake msikitini? Baba akasema, "Nitakupeleka."

"Gari haliingii huko, bwana. Ni vichochoroni, katikati ya minazi, mchanga mtupu."

Baba alikwisha kunasa kwenye mchanga ule, akasukumwa na wapita njia, kanzu yote imegeuka rangi. Akakohoa. "Basi nenda na mwanao. Msikawie."

Tukatoka asubuhi mapema, jua halijawa kali. Mama alisimama kila penye kivuli, kifua kinapanda na kushuka, nami moyoni nasema, Mola wangu, leo nitarudi na maiti. Alifika. Aliketi na mgonjwa, akamwombea dua, akanywa maji ya mtungi. Tuliporudi alisimama tena njiani, lakini sasa nilimsikia akicheka chini ya buibui.

Kuanzia siku ile, wallahi, hapakuwa na mtu wa kuugua Kisauni bila mama kupata habari. Aliyevunjika nyonga, aliyejifungua, mwenye homa, aliyefiwa, wote walikuwa wake. Sharti lilikuwa moja tu: gari lisifike kwake. Mgonjwa wa kando ya lami alipelekewa salamu na uji. Wa mwisho wa kichochoro, huyo aliendewa kwa miguu. Kulikuwa na mama mmoja karibu na maji ya kule mkono wa bahari, anaumwa na jino. Jino tu! Tukamwendea kumpa pole. Mwenyewe alitushangaa akasahau maumivu.

Desturi haipendi mwanamke aende peke yake, basi jirani akafuatana nasi, kisha shoga yake, kisha na wale waliokuwa wakilalamika magoti na migongo. Asubuhi ungetuona, mstari wa mabuibui katika minazi, gumzo mpaka mwisho wa njia. Tulipofika kwenye maji mara ya kwanza, mmoja wao, aliyeolewa Kisauni kabla mimi sijazaliwa, alisimama akashika mdomo. Hakuwahi kuuona mkono ule wa bahari mchana. Akasema, "Lo! Na vyote hivi vilikuwa hapa?" Nilipigwa na bumbuwazi nikimtazama, maana hata mimi sikuwa nimeuona vile.

Na katika kutazama wagonjwa nikaona jambo ambalo mpaka leo hunisisimua mwili. Kwenye nyumba za mawe za watu kama sisi, kando ya barabara, mama watu wazima wengi walikuwa na maradhi ya mama: kiu ileile, nyayo zilezile, kuhema kulekule. Kwenye vibanda vya makuti vya Wagiriama, mama wa umri huohuo walikwenda shamba kwa miguu na kuteka maji kwa miguu. Sisemi walikuwa na raha. Homa iliwatesa, na walizika watoto wadogo. Lakini kiu ile sikuikuta kwao. Na mji ulikuwa unapanuka, lami yasogea, kila mwenye uwezo ataka magurudumu. Nikawaza, ajabu ya Mungu! Namna watu wanavyokwenda sokoni yaweza kuuguza mji mzima, na kila mmoja adhani ni yeye peke yake?

Mama akapungua. Akawa apanda ngazi huku anaongea. Usiku akalala. Wanaume kibarazani wakibishana uhuru ukija mwambao utakuwa wa nani, na wake zao wanaupima mwambao huohuo kwa nyayo.

Ikafika asubuhi moja ambapo hakuna mgonjwa. Tuliuliza kote. Watu wote ni wazima wa afya, alhamdulillahi, hata jino hakuna! Mama amekwisha vaa buibui, wenziwe wanangoja nje. Baba akaingia, ametoka msikitini, funguo za gari mkononi.

"Leo mnamtazama nani?"

Nikaanza kutafuta mtu wa kumuuguza kwa ulimi wangu. Mama akanishika mkono, maana yake nyamaza.

"Mgonjwa ni mimi, bwana," akasema. "Daktari alikwambia wewe, nami nimeketi palepale nasikia. Nakwenda kujitazama mwenyewe. Sitaki kufa nikiwa nimekaa ndani ya gari lako."

Sijapata kumsikia mama akimjibu baba hivyo, si kabla wala baada. Nilingoja ngurumo. Baba alimtazama tangu kichwani mpaka miguuni, taratibu, kisha macho yakamjaa maji.

"Mgonjwa yumo nyumbani mwangu siku zote hizi," akasema, "na mimi sijamtazama." Akaweka funguo juu ya meza akatoka nasi.

Wanawake wakampisha. Akatembea upande wake wa njia, sisi upande wetu, watu wa kahawa wametukodolea macho, naye awasalimu kana kwamba ni jambo la kila siku. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Lakini hatukufika hata kwenye msikiti wake, ule aliokuwa akiuendea kwa gari kila alfajiri. Alisimama, mkono kifuani, midomo imepauka, anahema vilevile alivyokuwa akihema mama.

Mama akavuka njia mbele za watu, akamshika mkono.

"Vuta pumzi, bwana," akamwambia. "Sitakuacha."