Antena Yenye Kamasi

Nyie, nichekeni tu. Nilipokuwa mdogo kule Mwamkulu, nilikuwa napanda juu ya banda la ng'ombe kushika waya wa redio ili babu asikie mechi. Nilikuwa antena yenye kamasi, na raha ile bado naikumbuka.

Juzi nilimtembelea. Redio ilishakufa, akaniuliza fainali ya timu yake ilikuwaje. Mimi, mtoto wa tivii, nikamchambulia jinsi kepteni alivyomnyima kocha mkono. Nikamwonyesha marudio kwa vidole, na kila mchambuzi alivyobisha.

Babu akasikiliza mpaka chai ikapoa.

"Sawa, mjukuu wangu. Walishinda?"

Nikakohoa. "Wachambuzi walikuwa hawajafika huko, babu."

"Bora ulipokuwa waya."