Siku Niliyokuwa Dumuzi

Kosa ninalotaka kulitaja kabla ya yote ni kuidharau akili inayocheza. Ni kosa la watu wazima wenye heshima zao, tena huvaa vazi la busara, ndiyo maana halikemewi. Nimelisikia madarasani, ofisini na hata katika nyumba za ibada: acha kuwaza mambo ya kitoto, shika ulichofundishwa. Ubaya wake niliujua jikoni kwa bibi, mzaa mama, huko Matombo, katika harufu ya unga uliovunda, tamu puani na chungu kooni, uliokuwa ukitudondokea vichwani kutoka darini kila tulipokaa kupika.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa bidhaa za nje. Maduka ya Mwembesongo, mtaani kwetu mjini, ambayo nilizoea kuyaona na rafu tupu, yalijaa sabuni za rangi na viatu vya plastiki. Lakini kiwanda alichofanyia kazi baba huko Kihonda hakikuweza kushindana na bidhaa hizo, kikafungwa. Nikapelekwa milimani kwa bibi, na mahindi yake yakawa tegemeo la nyumba mbili, ya kwake na ya kwetu mjini. Kwa desturi hayakupukuchuliwa. Yalibaki kwenye magunzi, ndani ya maganda yake, yakapangwa darini juu ya moto ili moshi uyalinde. Mwaka ule moshi ulishindwa. Aliingia dumuzi, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye rangi ya kahawa iliyoungua, ambaye watu walimpachika jina la aina moja ya malori makubwa kwa jinsi alivyojua kusomba mzigo. Mchana kukiwa kimya tulimsikia akikereza juu yetu. Mjomba Mkude, kaka mkubwa wa mama, ambaye katika ukoo wetu neno lake kuhusu shamba na chakula lilikuwa la mwisho, alinunua dawa ya unga mjini, akainyunyiza juu ya maganda. Wadudu wakaendelea kukereza.

Mama mdogo, kitindamimba wa bibi, alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha ualimu alikosomea sayansi. Yeye alianza na swali lililowachekesha wote: "Ningekuwa dumuzi, ningependa nini?" Kwanza alijijibu kwamba angependa joto. Akayahamishia magunzi machache kwenye kibanda cha nje, penye baridi na ukungu, yakaliwa vilevile. "Basi nimekosea," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imekatika, akaanza kuwaza upya. Jambo hilo lilinishangaza kuliko mdudu mwenyewe, maana shuleni kwetu aliyekosea alichapwa.

Siku moja asubuhi aliniita. "Leo wewe ni dumuzi. Dumuzi hana mikono, kwa hiyo mikono nyuma." Akaweka punje moja juu ya ungo. "Haya, toboa." Niliinama nikaiuma, ikateleza. Niliifukuza kwa meno mpaka ukingoni mwa ungo, bibi akicheka hadi kufuta machozi. Kisha mama mdogo akalibana gunzi zima katikati ya mafiga yaliyopoa. Safari hii meno yalipata mshiko mara moja, kwa kuwa kila punje ilikuwa imebanwa na nyingine, haina pa kukimbilia. Wakati huohuo mjomba akaingia.

"Shikamoo mjomba," nilisema, gunzi likiwa mdomoni.

"Marahaba. Na wewe umekuwa panya?" Akamgeukia dada yake. "Chuo kizima kimekufundisha kuwatafunisha watoto magunzi?"

"Hapana, kaka. Hili nimelibuni mwenyewe."

"Ndiyo maana halina kichwa wala miguu."

"Mwache," bibi alimkata. "Akili zenu timamu ndizo zilizotufikisha kwenye kula vumbi."

Mama mdogo aliomba mahindi yote yapukuchuliwe siku hiyohiyo. Mjomba alikataa, na siwezi kusema alikuwa mpumbavu. Malori ya wafanyabiashara yalikuwa yameanza kupanda hadi kijijini, na alikwisha kuona nyumba zilizouza gunia baada ya gunia kisha zikalala njaa. "Mahindi yakipukuchuliwa yanaota miguu," alisema. Mama mdogo hakubishana. Alichukua makopo mawili ya maziwa, akaweka gunzi katika moja na punje za gunzi la ukubwa uleule katika jingine, akatia humo wadudu sawa kwa sawa, akafunika kwa vifuniko alivyovitoboa kwa sindano. Tukangoja hadi mwezi mwingine ulipoandama. Kila siku niliweka sikio kwenye makopo, nikiogopa kwamba amekosea tena, kwa maana darini tulikuwa tukiendelea kupoteza.

Siku ya kufungua, mjomba alimimina makopo yote mawili juu ya ungo kwa mkono wake. Katika la kwanza lilitoka gunzi lililotobolewa kama chujio, na unga tele. Katika la pili punje chache zilikuwa na matundu. Nyingi zilikuwa nzima. Alizigeuzageuza kwa kidole kwa muda mrefu. "Leteni magunia," alisema hatimaye, akaketi chini, akaanza kupukuchua. "Lakini," akamwonyesha bibi kwa kidevu, "yatalala chumbani kwa mama. Lori lolote litapita juu yake kwanza." Dawa ileile, ilipochanganywa na punje badala ya kupakwa juu ya maganda, ikafanya kazi. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kupotea, lakini kilichobaki kilizifikisha nyumba zote mbili kwenye mavuno mapya.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wataalamu nao walikuwa wakiwashauri wakulima wapukuchue. Haidhuru. Jikoni kwetu ugunduzi ule ulikuwa mpya, na uliingia kwa mlango ambao wengi huufunga: mtu alithubutu kujiwazia kuwa mdudu, kisha akathubutu kulipima wazo lake. Wazo lisilokubali kupimwa halina tofauti na umbeya. Lakini bila wazo, makopo yale yangetiwa nini? Watoto ninaowafundisha leo wana simu, na jibu huwafikia kabla hawajamaliza kushangaa. Ninapowaambia wajifanye maji, au mzizi, au dumuzi, hutazamana wakacheka, na baadhi ya wazazi wao huja kulalamika kwamba ninapoteza vipindi. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza ni mwanasayansi gani ninayemheshimu kuliko wote, kalamu yake tayari kuandika jina kubwa la kitabuni. Nikamtajia mama yangu mdogo, Felista.