Unapita

"Shangazi, mbona unakata mrija mzima?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimepiga magoti juu ya benchi la korido ya hospitali, pua imebanwa kwenye kioo cha dirisha lake la kazi. Shule zilikuwa zimefungwa na nyumbani hakukuwa na wa kukaa na mimi. Shangazi alivaa aproni ya plastiki na glavu nene zilizofika viwikoni. Alikuwa ameshika mrija mwembamba kama uzi wa sweta, mrefu karibu sawa na mimi, na kwa macho yangu haukuwa na kasoro hata moja. Akaukunja mara mbili, akaleta mkasi. Kacha! Vipande vikaangukia ndooni.

"Shuka kwenye benchi," alisema bila kugeuka. "Na ufunge hilo domo."

Shangazi ni dada yake baba, na kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuosha vifaa vya madaktari. Chumba chao kilikuwa na madirisha mawili: dirisha la vichafu na dirisha la visafi. Kifaa kiliingia huku na damu, kikatokea kule kikiwa ndani ya pakiti. Katikati kulikuwa na masinki, brashi za kila saizi, mashine ya mvuke iliyonguruma kutwa, na beseni la dawa kali kwa vile visivyostahimili joto. Dawa hiyo iliwatoa machozi. "Usidhani ninalia," shangazi alikuwa akiwaambia waliopita koridoni. "Hii ndiyo harufu ya mshahara."

Mimi ni mtu wa kuuliza, kila mtu nyumbani ameshachoka, kwa hiyo siku hizi najua ule mrija ulikuwa wa nini. Damu ikiganda ndani ya mshipa wa mguu, mguu unakosa damu na unaanza kufa. Dawa ya kuyeyusha bonge hilo la damu ipo, lakini ukichomwa mkononi inazunguka mwili mzima na kufika kwenye bonge ikiwa imeshachoka. Basi daktari anapitisha mrija kinenani, ndani ya mshipa wenyewe, anausukuma taratibu mpaka unazama ndani ya bonge. Ubavuni una vitundu vidogo ambavyo huvioni mpaka uinamishe kichwa. Ncha yake inazibwa kwa waya mwembamba, ili dawa ikose njia ya mbele na ilazimike kutoka ubavuni, kama jasho, iloweshe bonge lote. Kuna mtu alikaa chini akawaza kitu kizuri hivyo!

Halafu wengine wakaja kukiharibu.

Juu ya pakiti ya mrija mpya kuna alama: namba mbili ndani ya duara, imekatwa mstari. Hata mtoto anaelewa. Mara moja, basi. Lakini msimamizi wa kitengo chao, mzee mmoja mwenye sauti ya upole na funguo nyingi kiunoni, aliwaambia waoshaji, "Hiyo mbili ni urembo wa kiwandani tu. Osheni." Mirija mipya alikuwa nayo. Ilikuwa kabatini kwake, chini ya moja ya zile funguo, inawasubiri wakubwa wakiugua. Wengine wote waliwekewa iliyooshwa mara tatu, mara nne.

Kuhakikisha mrija haujaziba, waoshaji walikuwa na mtindo wao. Unajaza maji kwenye bomba la sindano, unasukuma, maji yanaruka nchani. Hapo unapaza sauti, "Unapita!" na mwenzako wa meza ya pakiti anaitikia, "Upite salama!" Wanacheka, unafungwa, unaondoka. Ule waya wa kuziba ncha hawakuwahi kuuona ukifanya kazi. Uliletwa kwenye pakiti yake, ukarudi kwenye pakiti yake, na hakuna aliyewaambia ni wa nini.

Mbele ya dirisha la visafi kulikuwa na chumba cha cherehani. Humo alikaa mwanamke tuliyemwita Fundi. Alishona mashuka ya upasuaji na magauni ya wagonjwa kwa cherehani ya kukanyaga, na miguu yake haikutulia hata alipokula. Yeye na shangazi walitaniana kutwa kupitia mlangoni.

"Mama Maji, leo umemwosha nani?"

"Nikuoshe wewe ulimi, Fundi. Ndio mchafu kuliko vyote humu."

Siku moja Fundi alikanyaga cherehani na mguu wa kulia ukakataa. Ulikuwa umepauka, baridi kama umetolewa kwenye friji. Akapelekwa wodini, akawekewa mrija, dawa ikatiririshwa mchana kutwa. Kesho yake mguu ukawa mweusi vidoleni. Siku iliyofuata ukakatwa chini ya goti. Aliambiwa bonge lake lilikuwa sugu. Akaamini. Angefanyaje?

Yaliyofuata niliyasikia jikoni kwetu, nikiwa nyuma ya pazia, shangazi akimsimulia baba huku akisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Daktari aliyemtibu Fundi alikuja mwenyewe kwenye dirisha la vichafu, mrija mkononi. Akauliza nani aliupima kabla haujafungwa. Shangazi akasema ni yeye. Akachukua bomba la sindano, akasukuma, maji yakaruka nchani. "Si unaona, daktari? Unapita."

Daktari alitoa ule waya mwembamba mfukoni, akaziba ncha, akasukuma tena. Vitundu vyote vya ubavuni vilipaswa kutoa maji. Kilitoa kimoja, tone moja. Vingine vilikuwa vimezibwa na damu kavu ya watu wasiojulikana.

"Unapita wapi?" daktari akauliza.

Shangazi alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. Nasikia hata aproni hakuvua, maji yakawa yanamchuruzika kwenye zulia la ofisi. Akasema kwamba Fundi lazima aambiwe ukweli. Mzee yule hakupandisha sauti. Alimwekea karatasi mbele, imeandikwa kwamba mrija ulikuwa mpya, akampa na kalamu. Shangazi akakataa kusaini. Mzee akamwambia, "Haya. Mwambie. Lakini atakuuliza aliyeuosha ni nani, na utamjibu nini?"

Hapo sufuria ilianguka sakafuni, na baba alisema neno ambalo siruhusiwi kuliandika.

Kuanzia siku hiyo aliyokataa kusaini, kila mrija uliofika dirisha la vichafu ulikutana na mkasi. Hakuomba ruhusa. Ndiyo siku niliyomuuliza swali langu, kabla sijayasikia ya jikoni, na ng'ambo ya korido cherehani ya Fundi ilikuwa imefunikwa shuka. Zilipita siku nne kabla msimamizi hajajua.

"Unaharibu mali ya hospitali!"

"Siharibu. Namalizia. Kiwanda kimesema mara moja."

Walimwandikia barua ya onyo, wakamhamishia kwenye kufua mashuka, na huko yuko mpaka leo. Jina la Mama Maji likafa, wakamwita Mama Mkasi, na hata Fundi akalichukua bila kujua lilikotoka. Nasikia waosha vifaa waliobaki nao walianza kukata, kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, mpaka kabati la mzee likalazimika kufunguliwa.

Lakini Fundi mwenyewe, shangazi hakumwambia. Miaka minane! Kila Jumamosi tunakwenda kwake. Shangazi anambebea maji, anampangia vitambaa, ndiye aliyemtafutia cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Akiulizwa kwa nini anajichosha hivyo, anafoka. Amekuwa mtu wa kufoka: anaufokea mlango, anaifokea redio, ananifokea mimi. Nami nimemkasirikia kwa siri muda mrefu, kwa sababu nilijua, na kujua kitu usichoweza kukisema ni kama kulala na kokoto kwenye shuka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kupimwa sketi ya shule. Mezani kwa Fundi kulikuwa na kitambaa cha kijivu, kizito, cha suti.

"Cha nani hicho?" shangazi akauliza.

"Hujasikia? Yule mzee wenu wa funguo anastaafu. Wanamwandalia sherehe ya kumuaga." Fundi alikikung'uta kitambaa, uso unang'aa. "Katika mafundi wote, amenikumbuka mimi kilema. Mtu mwema sana yule. Nataka nimshonee mpaka waliomo kwenye sherehe waulize nani kashona."

Shangazi aliganda. Jagi la maji lilikuwa mkononi. Niliona mdomo wake unafunguka, kisha unafungwa, kama ulivyofungwa miaka yote hii. Fundi akaanza kuzungusha gurudumu la cherehani, tiki tiki tiki, akishona suti ya yule mtu.

Nilichemka. Sikupanga. Nilisimama na pini zote za sketi kiunoni nikauliza kwa sauti, ili wote wawili wasikie:

"Shangazi, siku ile ulikuwa unakata mrija mzima. Kwa nini?"

Gurudumu likasimama. Fundi akanitazama, kisha akamtazama yeye.

"Mrija gani, Mama Mkasi?"

Nilingoja kofi. Shangazi aliweka jagi chini, taratibu. Akakisukuma kile kitambaa cha kijivu mpaka kikaanguka kutoka mezani, akakaa kwenye kigoda mbele ya Fundi, magoti kwa magoti. Aliponijibu hakuniangalia mimi.

"Niliukata kwa sababu haukuwa mzima. Na ule wa mguu wako, Fundi, haukuwa mzima vilevile. Huyo mtu mwema alituamuru tuuoshe, na mipya alikuwa nayo kabatini. Nikauosha. Mimi, kwa mikono hii. Nikasukuma maji nikasema unapita, na haukuwa unapita."