Kanda Moja ya Nyumba Nzima

Katika nyumba yetu ya Kagoma kulikuwa na kanda mbili za kaseti. Moja ilikuwa ya kwaya ya parokia, na hiyo haikuguswa. Ya pili ndiyo iliyobeba ndoa yangu kwenda kisiwani na kurudi, miaka ile mume wangu alipokuwa akinunua samaki ziwani na mimi nimebaki na kibanja cha migomba, kahawa, watoto na mama yake.

Ningeweza kuandika barua. Nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa. Kikwazo kilikuwa mama mkwe. Wakati wa vita mwanawe huyuhuyu alikwenda na mgambo, wakavuka mpaka kuingia Uganda, na kwa muda mrefu kilichofika nyumbani kilikuwa barua iliyoandikwa na rafiki yake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na kidonda mkononi. Mama alisomewa kwamba mwanawe ni mzima. Akaikunja ile barua, akasema karatasi anaweza kuiandika mtu yeyote, hata aliyemzika. Akalia msiba wa mtu aliye hai mpaka siku mwenyewe alipoingia uani, amekonda, redio kaseti begani. Nilikuwa bado sijaolewa, ila nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba najiona nilikuwapo. Redio ile hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Vitu vingi vilirudi kutoka vitani miaka ile na watu hawakuuliza.

Tangu hapo mama aliamini sauti tu. Mwanawe alipohamia kisiwani akaamuru kwamba habari ziende na zirudi kwa kanda. Kanda tupu zilikuwa adimu madukani, na ile ya kwaya, alisema, atakayefuta nyimbo za Bwana atajibu mwenyewe. Tukabaki na moja. Kila ujumbe ulirekodiwa juu ya ule uliotangulia. Maneno mapya yalifuta ya zamani kadiri yalivyokwenda, na ukisema machache, ya zamani yalibaki huko mbele. Jambo hili sote tulilijua, na hakuna aliyewahi kulitilia maanani.

Mama ndiye aliyefungua kila ujumbe. Aliishika redio kwa mikono miwili na kuipigia kelele, kwa sababu kisiwa kiko mbali. Aliuliza kama mwanawe anakula, akasubiri ajibu, akaudhika asipojibiwa, akauliza tena. Kisha zamu ilikuwa yangu, naye akabaki pembeni kunisahihisha. Nikisema mtoto anaendelea vizuri, yeye anadakia, "Anakohoa."

Kule kisiwani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mashine ilikuwa ya mwenye hoteli ya chai pale mwaloni, boti za samaki zinapoegeshwa, na ilikaa hapohapo juu ya meza, karibu na karai la maandazi. Kanda yangu ilisikilizwa na wavuvi wa Ukerewe, wa Mara na wa Uganda, vikombe mkononi. Majibu yalirudi na salamu za wanaume nisiowajua hata sura, wakiulizia mbuzi wangu. Mmoja alinipa dawa ya kile kikohozi, na ilifaa. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulikuwa tunasikika mpaka nchi za watu, ila hatukuwa na mahali pa kunong'ona.

Ugonjwa uliingia kwetu kabla hatujajua jina lake. Mwanzoni watu waliuita kwa jina la kitambaa cha magendo, kisha wakatafuta majina mengine, mwisho wakaacha kabisa kuutaja. Tulisema "anaumwa" na kila mtu akatazama chini. Kwenye nyumba ya jirani, juu yetu kidogo, alikufa baba, kisha mama, bibi akabaki na wajukuu. Yule baba alikuwa mchuuzi wa samaki, kisiwa kilekile. Basi nikaanza kumwogopa mume wangu. Nilimpenda, nilimngoja, nikisikia boti imefika naoga na kubadili kanga, na akisimama mlangoni natazama pembeni. Sikuwa na ushahidi wa lolote dhidi yake. Hofu haikuuliza ushahidi.

Hospitali za mjini zilikuwa zimeanza kupima. Nilitaka kumwambia neno moja tu: twende tukapime, wote wawili. Neno hilo halikutoka. Alipokuja nyumbani nilijikaza, nikasema, "Baba, nataka tuzungumze." Akauliza, "Kuhusu paa?" Nikasema ndiyo, kuhusu paa. Likatengenezwa. Safari iliyofuata nikajikaza tena, akauliza tena kuhusu paa, na likatengenezwa mara ya pili ingawa halikuwa linavuja. Kijiji kizima hakikuwa na paa kama letu.

Ndipo parokia ikatangaza semina ya ndoa. Tuliambiwa tuje wawili wawili. Mume wangu alikuwa ziwani, mama mkwe akasema atakwenda yeye kwa niaba ya mwanawe, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Walimu walikuwa mtu na mkewe kutoka Bukoba mjini, wanakaa Kitendaguro. Pikipiki ilikuwa imewaharibikia njiani na inaonekana kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu nani aliyesahau kuweka mafuta. Walitufundisha mawasiliano siku nzima bila kutazamana. Mume alisema, "Mwambieni mwenzangu anipe chaki," na sisi tukamwambia.

Walichora kamba ubaoni, mtu huku na mtu kule. Walisema wapendanao wanavutana siku zote na si dalili kwamba ndoa imekufa. Mtu anataka kuwa karibu na mwenzake, na palepale anataka kupumua. Anataka kusema yote, na anataka abaki na lake moyoni. Anataka mazoea, kisha anayachoka. Kamba hiyo haikatiki, walisema, mnachojifunza ni kuishika. Na kila neno lina njia yake: lipo la kusema macho kwa macho, na lipo ambalo macho yanalizuia, hilo litafutieni njia nyingine, mradi lisipite penye masikio mengi.

Kisha tukaambiwa kila mume amwambie mkewe jambo analoficha. Mama mkwe akanigeukia, akakunja mikono kifuani kama mwanawe anavyofanya, akasema, "Mke wangu, unatia chumvi nyingi." Nilitaka kucheka. Akaendelea, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na siku hizi nikija hunitazami." Sikujua amelisema kwa niaba ya nani. Zamu yangu ilipofika nikasema sina ninachoficha, akanitazama kwa muda mrefu.

Siku ya kutuma kanda mama alirekodi kelele zake kama kawaida. Nikamwambia nitamalizia mwenyewe, nikaichukua redio na betri zilizoanikwa juani, nikaingia ndani ya kibanja mpaka pale majani ya migomba yanapoziba nyumba. Nikabonyeza, nikasema. Nilisema kuhusu jirani wa juu, kuhusu bibi na wajukuu, kuhusu paa ambalo halikuwa linavuja. Nilisema kwa muda mrefu, na mwisho nikasema, "Nakupenda na ninakuogopa. Twende tukapime wote wawili. Nataka nikikusikia mlangoni nifurahi tu."

Nikarudisha nyuma nijisikilize. Sijawahi kuogopa sauti ya mtu kama nilivyoiogopa ile yangu. Nikakumbuka karai la maandazi na wale wanaume na vikombe vyao. Nikairudisha kanda mpaka pale mama anapomalizia kukohoa, nikarekodi upya kwamba ndama amezaliwa, ni jike, kahawa imekauka vizuri, Mungu akulinde. Habari fupi na safi. Nikazima, nikaitoa kanda nikampa mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa anakwenda kisiwani, nikarudi nyumbani nimetulia kabisa.

Yule muuza dagaa alirudi akanikuta napalilia. Akaweka kikapu chini, akasema, "Mwaloni wanakusalimu."

"Nani?"

"Wote."

Akaketi kwenye gogo. Akasema habari ya ndama wameisikia na wamefurahi ni jike. Nilipoaga kwenye kanda, mwenye hoteli alitaka kuzima mashine, ila mikono yake ilikuwa kwenye unga na maandazi yalikuwa kwenye mafuta. Kanda ikaendelea. Ukasikika mlio wa kitufe, kisha nikarudi, katikati ya sentensi, nikizungumza kuhusu paa.

Nilikaa chini palepale kwenye magugu. "Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, waitu, ndugu yangu. Maandazi yote yaliungua."

"Walicheka?"

"Mmoja alianza. Wenzake hawakumfuata."

Nikamwuliza mume wangu alifanya nini. Akasema alisimama, akaichomoa ile kanda kwenye mashine, akaitia mfukoni na kutoka. Chai hakuimaliza.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Nilipanga maneno ya kumwomba radhi, nikapanga na ya kumgombeza, ili niwe tayari kwa lolote. Nilikunja nguo zangu nikaziweka kwenye sanduku, nikazikunjua, maana sanduku lilijaa likakataa kufunga, na watoto hulikalia wakati wa kula. Nilijua mwanamume aliyeaibishwa mbele ya wenzake anaweza kukaa huko huko asirudi tena. Wapo waliofanya hivyo kwa makosa madogo kuliko langu. Mama mkwe aliuliza mbona kanda haijarudi. Nikasema ziwa limechafuka.

Alikuja mchana, bila taarifa, amevaa shati la kanisani. Alimsalimia mama yake, akawashika watoto vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Akanitazama, akatazama pembeni, akauliza, "Betri zipo?"

Nikasema zipo. Akachukua redio, akaitoa kanda mfukoni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaingia kibanjani kulekule nilikokwenda mimi. Nikarudi jikoni kumenya ndizi, kwa kuwa sikujua jambo lingine la kufanya. Aliporudi aliweka redio mezani mbele yangu, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Mume wangu hakuwahi kuchota maji tangu nimeolewa. Watoto walimfuata kwa nyuma wakidhani amechanganyikiwa.

Nikabonyeza. Sauti yake ilikuwa ya chini na ilikwama kila mahali. Alisema alikasirika. Alisema alilala kwenye boti ili asiwaone watu, na asubuhi wakamletea chai bila kusema neno. Alisema kisiwani hakukaa kama mtawa miaka yote, na mimi ninalijua hilo ingawa sikuwahi kuuliza. Alisema amekwenda hospitali mara mbili. Mara ya kwanza hakuvuka lango. Mara ya pili alikaa kwenye benchi mpaka aliyekuwa mbele yake akaitwa, ndipo akakumbuka kwamba amesahau kofia, akaondoka kwenda kuitafuta. "Sina kofia," akasema kwenye kanda. "Unajua sina. Peke yangu sitaweza. Twende wote."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine ya mbali, ya mwanamke anayefukuza kuku jikoni. Nilichukua muda kutambua kwamba ni mimi. Alikuwa karibu kiasi hicho, na ilibidi maneno yake yazunguke kupitia mashine ili yanifikie.

Alikuwa amesema machache, kwa hiyo kanda haikuishia hapo. Baada yake akatokea mama, akiuliza kwa kelele kama anakula. Kisha mimi na ndama. Kisha mlio wa kitufe, na mimi tena, na paa, na yale ya mwisho. Nililia mpaka ndizi zikaungua. Alirudi na ndoo imejaa nusu, akaitua, na safari hii nikamtazama.

Tulikwenda mjini, tukatoa damu, tukarudi kusubiri, tukaenda tena. Kwenye benchi nilimshika mkanda wa suruali. Majibu yalikuwa mema kwa wote wawili. Nalisema hilo kwa sauti ya chini hata leo, kwa sababu siku ileile walikuwapo watu tunaowajua, na wao hawakuambiwa hivyo.

Nyumbani tulimkuta mama mkwe amekaa barazani na redio mapajani. Kanda ilikuwa imefika mwisho, nikajua ameisikiliza yote, pamoja na ya mtawa. Hakuuliza tumetoka wapi. Mume wangu akatoa karatasi ya hospitali mfukoni akampa. Mama akausukuma mkono wake.

"Karatasi sitaki," akasema. "Sema mwenyewe."

"Mama, tu wazima. Mimi na yeye."

Akanigeukia. "Na wewe sema."

Nikasema. Akabaki ameinamisha kichwa kidogo, akisikiliza hata baada ya mimi kunyamaza. Kisha akaitoa ile kanda kwenye redio, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaingia ndani. Akarudi na ile ya kwaya, akaniwekea mkononi.

"Mtarekodi humu," akasema. "Nyimbo hizi Mungu alishazisikia."